Msaidizi wa tiba Marekani: anaruhusiwa nini, anakatazwa nini, na kwa nini

Katika kliniki ya California, msaidizi wa tiba anaweza kumchoma mgonjwa sindano ya chanjo ya mafua begani, kisha akaenda chumba cha pili kumtoa mgonjwa mwingine damu kwenye mshipa wa mkono, na yote mawili yakawa halali. Mgonjwa wa tatu akihitaji ganzi kidogo ili daktari amtoe sunzua, msaidizi huyo huyo akiichoma ile ganzi amevunja sheria. Wa nne akiwa na dripu, msaidizi haruhusiwi kuiweka wala kuiondoa. Mkono ni ule ule na sindano zinafanana. Haishangazi kwamba wengi wanaoingia kwenye kazi hii, wakiwemo wenzetu wa Afrika Mashariki na Kongo walioko Seattle, Minneapolis au Houston, huiona orodha ya ruhusa na makatazo kama mambo yaliyotupwa pamoja bila mpango.

Mpango upo. Ukiuelewa, hutahitaji kukariri orodha ndefu, na siku ukiamriwa kufanya jambo ambalo halimo kwenye orodha yoyote utakuwa na pa kuanzia kufikiri. Sheria haiulizi kama mkono wako ni mwepesi. Inauliza kama kazi hiyo inakudai uamue jambo kuhusu mwili wa mgonjwa, na ukikosea uamuzi huo, kama kuna muda wa mtu mwenye leseni kurekebisha.

Huyu msaidizi ni nani

Nitamwita MA, kifupi cha "medical assistant", kwa kuwa ndivyo anavyoitwa kazini. Huyu ndiye anayekuita jina kutoka sebuleni, akakupima uzito, joto na presha, akakuuliza umekuja na shida gani, akaandika, akakuacha umsubiri daktari. Marekani ina watu zaidi ya 700,000 wa kazi hii. Asichanganywe na CNA, anayewaogesha, kuwalisha na kuwageuza wagonjwa katika nyumba za wazee na wodini. Wala asichanganywe na PA, aliyesomea shahada ya uzamili na ambaye hupima, hutaja ugonjwa na huandika dawa. Herufi zinafanana, mamlaka yako mbali kabisa.

Sheria ya California, katika kifungu cha 2069 cha Kanuni ya Biashara na Taaluma, inamweleza MA kuwa mtu asiye na leseni, mwenye umri wa angalau miaka 18, aliyepata mafunzo yanayotakiwa, anayefanya kazi za ofisi na huduma za kawaida za kiufundi chini ya usimamizi wa daktari. Maneno mazito hapo ni "asiye na leseni". Nesi ana leseni yake, na ndani ya leseni hiyo kuna mambo anayoyaamua kwa jina lake mwenyewe. MA hana. Vyeti anavyovipata kutoka vyama vya kitaaluma, kwa mfano kile cha AAMA, chama cha MA wa Marekani kilichoanzishwa mwaka 1956, vinaonyesha kwamba amesoma na amefaulu mtihani. Havimpi mamlaka. Kila anachomfanyia mgonjwa anakifanya kwa mamlaka ya kuazima kutoka kwa daktari, na mwenye kuazimwa hawezi kukitumia kitu zaidi ya alivyoruhusiwa na mwenyewe, wala mwenyewe hawezi kuazimisha kile ambacho sheria imemwambia asikitoe mkononi.

Kwa sababu hiyo hiyo MA wa California haajiriwi kuhudumia wagonjwa waliolazwa katika hospitali kubwa. Mahali pake ni kliniki ya wagonjwa wa nje, ambako daktari yuko karibu na mgonjwa ataondoka jioni kwa miguu yake.

Kwa nini tabibu wetu hupata taabu zaidi

Kuna kundi moja ambalo mipaka hii huliuma kuliko wengine wote, nalo ni wale waliokuwa matabibu nyumbani. Tabibu wa kituo cha afya Tanzania, mwenye stashahada ya miaka mitatu, anamsikiliza mgonjwa, anampima, anaamua kama ni malaria au nimonia, anaandika dawa, anajua nani apewe rufaa leo na nani asubiri kesho. Kenya kada hiyo ina sheria yake ya mwaka 2017 inayosimamia mafunzo, usajili na leseni. Tanzania ilianza kuwafundisha madaktari wasaidizi, wale wanaofahamika kama AMO, mwaka 1963, na kwa miongo mingi wao ndio waliobeba sehemu kubwa ya upasuaji wa kujifungua katika wilaya ambazo hazikuwa na daktari bingwa. Msumbiji ikaanza kufundisha mafundi wa upasuaji mwaka 1984, katikati ya vita, kwa sababu madaktari walikuwa wachache mno.

Zamani matabibu wa Tanzania na Uganda walibeba kwa Kiingereza jina lile lile wanalobeba leo MA wa Marekani. Hapo ndipo wengi hupotea. Mtu anaona tangazo la kazi, anasema hii ndiyo kazi yangu, anaajiriwa, na wiki ya kwanza anaambiwa asimwambie mgonjwa kwamba kidonda chake kimeoza.

Tofauti haiko kwenye akili wala ujuzi wa watu hawa. Nchi zetu zilikuwa na madaktari wachache, zikaamua kuushusha uamuzi wa tiba hadi kwa kada ya kati, zikaifundisha kwa miaka, zikaisajili, zikaipa wajibu kwa jina lake. Marekani nayo imeushusha uamuzi, lakini imewakabidhi watu wengine: hao PA, na manesi wenye mamlaka ya kutibu wanaoitwa NP. MA hakuachiwa hata kipande chake. Ukivaa beji ya MA, miaka yako kumi ya kuandika dawa inabaki kichwani mwako, lakini kisheria haipo chumbani. Najua jinsi hilo linavyouma, na sioni faida ya kulipamba kwa maneno laini.

Kupima na kutafsiri kipimo

Mfano unaoufafanua mpaka huu kuliko mingine yote ni kipimo cha TB cha ngozi, ambacho karibu kila mhamiaji amekutana nacho. Unachomwa dawa kidogo sana, mililita 0.1, ndani ya ngozi ya mkono. Baada ya saa 48 hadi 72 unarudi, na mtu anapima kwa rula upana wa uvimbe mgumu uliojitokeza. Wekundu hauhesabiwi, ni ule ugumu unaoushika kwa kidole.

California inamruhusu MA kuchoma sindano hiyo, kuupima uvimbe, kuueleza na kuandika kwenye faili: milimita 12. Haimruhusu kusema maana yake.

Kwa nini? Kwa sababu milimita 12 hazina maana moja. Kwa mtu mwenye virusi vya UKIMWI, kuanzia milimita 5 kipimo kinahesabiwa chanya. Kwa aliyezaliwa katika nchi zenye TB nyingi, Tanzania, Kenya na Kongo zikiwemo, ni kuanzia milimita 10. Kwa mtu asiye na hatari yoyote inayojulikana, ni kuanzia 15. Kwa hiyo uvimbe ule ule wa milimita 12 ni chanya kwa mama aliyetua kutoka Kigoma miaka miwili iliyopita, na ni hasi kwa jirani yake aliyezaliwa na kukulia Sacramento. Ongeza kwamba huyo mama huenda alichanjwa BCG utotoni, chanjo ya TB inayoweza kuleta uvimbe bila vimelea kuwepo. Na hata kama vimelea vipo, kipimo chanya hakisemi kwamba anaumwa TB. Kuna watu wamebeba vimelea vilivyolala miaka yote na hawamwambukizi mtu. Ili kujua, lazima historia yake isikilizwe, kifua kipigwe picha, pengine kipimo cha damu kifanyike.

Sasa fikiria MA aliyechoka, mama anamwuliza kwa Kiswahili, "Mwanangu, niko salama?" Akijibu "uko salama, mama" au "una TB", ametafsiri. Kwa jibu la kwanza anaweza kumrudisha nyumbani mtu anayehitaji dawa. Kwa jibu la pili anaweza kumfanya atengwe na familia kwa ugonjwa asio nao. Jibu analoruhusiwa kulitoa ni fupi: nimepima, nimeandika, daktari ataingia sasa hivi akueleze.

Mantiki hiyo hiyo inaeleza mambo mengi mengine. MA anapima presha na kuandika 190 kwa 110. Haamui kama mgonjwa aongezewe dawa. Anafanya kipimo cha umeme wa moyo na kutoa karatasi. Haisomi kwa mgonjwa. Anakusanya mkojo, makohozi na choo, na anafanya vipimo vyepesi vya kliniki, kama kijiti cha mkojo na sukari ya kidoleni, ambavyo sheria ya shirikisho kuhusu maabara ya mwaka 1988 imeviweka katika kundi la vipimo rahisi. Anatoa nyuzi za kidonda cha juujuu. Anasafisha masikio kwa maji. Anaondoa hogo. Hata kukata kucha kumeandikwa kwenye kanuni, kwa masharti kwamba mwenye kucha awe na afya nzuri, na aliyewahi kumwona mgonjwa wa kisukari akipoteza kidole kwa jeraha dogo la mguuni atajua mara moja kwa nini sharti hilo lipo.

Sindano, dripu na ganzi

Tukirudi kwenye sindano, MA wa California anaruhusiwa njia tatu: ndani ya ngozi, chini ya ngozi na kwenye msuli. Kabla ya hapo lazima awe amepata saa 10 za mafunzo ya sindano na vipimo vya ngozi, na awe amefanya vizuri, chini ya jicho la mwalimu, angalau sindano 10 za kila njia na vipimo 10 vya ngozi. Kutoa damu kuna saa zake 10, na kuna mara 10 za kuchoma mshipa na 10 za kuchoma ngozi.

Kwa maoni yangu saa 10 ni chache mno. Lakini uchache huo unaeleweka ukikumbuka sheria inadhani nini: kwamba mwingine ndiye aliyechagua dawa, mwingine ndiye aliyehakiki dozi, na MA anabaki na tendo la mkono tu. Kanuni inasema wazi kwamba kabla ya MA kumpa mgonjwa dawa, kila mara, daktari au mtu mwingine aliyeruhusiwa na sheria lazima ahakikishe kwamba dawa ni yenyewe na kipimo ni chenyewe. Nadhani hakuna sharti linalosahaulika kama hili. Kliniki ina wagonjwa arobaini, mlango wa daktari umefungwa, MA anafungua friji, anavuta chanjo, anachoma. Chupa za chanjo ya watoto na ya watu wazima zinaweza kufanana kwa umbo na kizibo. Uhakiki ule wa sekunde chache ndio uliokusudiwa kuziba pengo la saa 10.

Dripu ni habari nyingine. Kutoa damu ni kukitoa kitu mwilini. Ukikosea mshipa, mgonjwa atapata alama ya bluu na utaomba radhi. Dripu inaingiza. Dawa ya kwenye msuli inaingia mwilini polepole, na dalili za hatari mara nyingi hukupa nafasi ya kumwita daktari. Dawa ya kwenye mshipa inafika kwenye moyo ndani ya sekunde, na ikishaingia hairudi. Anayeisimamia anatakiwa aamue papo hapo kama aendelee, apunguze au afunge. Uamuzi huo ni wa mwenye leseni, ndiyo maana California imemkataza MA kuanzisha dripu, kuiondoa na kuingiza dawa kwenye mpira wake.

Ganzi nayo huonekana ndogo lakini ina tabia ya dripu. Ikiingia kwenye mshipa kwa bahati mbaya, au ikizidi kwa uzito wa mgonjwa, inagusa ubongo na moyo, na mgonjwa anaweza kupata degedege kabla hujaweka bomba mezani. Pa kuichoma na kiasi gani hupangwa mgonjwa akiwa tayari amelala, kwa kuangalia ngozi yenyewe. Sheria imeikataa kwa jina.

Mstari huu si mkamilifu, na sitaki kujifanya kwamba ni mkamilifu. Chanjo ya kawaida nayo inaweza kuleta mshtuko wa mzio unaoua, na hiyo imeruhusiwa. Sheria inajaribu kulifidia hilo kwa kudai msimamizi awepo ndani ya jengo wakati kazi inafanyika: daktari, au PA, NP au mkunga mwenye mamlaka aliyekabidhiwa usimamizi huo kwa maandishi. Daktari wa kupigiwa simu akiwa njiani kwenda uwanja wa ndege hatoshi. Nesi wa kawaida, hata awe mzoefu namna gani, hahesabiwi kuwa msimamizi wa MA huko California.

Kuna sehemu moja ambako mpaka huu hukiukwa hadharani, nayo ni saluni za urembo wa kitabibu. Sindano za Botox na mashine za leza za kutoa nywele haziruhusiwi kwa MA wa California, hata kama mwenye saluni amemlipia kozi ya siku mbili na kumpa cheti chenye fremu. Vijana wetu huvutwa na mishahara ya huko. Cheti kile hakimlindi mtu.

Simu

Ukiniuliza wapi MA huvuka mpaka bila kujua, sitasema kwenye sindano. Nitasema kwenye simu.

Mtu anapiga: kifua kinanibana tangu asubuhi. MA ndiye aliyepokea. Akijibu, "hiyo itakuwa gesi, kunywa maji ya uvuguvugu, tukuone Alhamisi," amefanya mambo matatu ambayo hana mamlaka nayo: ametaja ugonjwa, ametoa tiba, na ameamua kwamba inaweza kusubiri. La tatu ndilo zito zaidi. Kupanga nani aje sasa na nani aje keshokutwa ni tendo la kitabibu, na Bodi ya Madaktari ya California inasema wazi kwamba MA hawezi kulifanya kwa uamuzi wake, kwa kuwa hana ruhusa ya kutafsiri dalili.

Anachoweza kufanya ni kufuata karatasi ya maswali iliyoidhinishwa na daktari, kuandika majibu kwa maneno ya mgonjwa mwenyewe, na kuyafikisha kwa mwenye leseni wakati huo huo, si mwisho wa siku. Karatasi ikisema kila anayetaja kifua kubana aambiwe apige 911, anamwambia hivyo, kwa kuwa uamuzi huo ulishafanywa na daktari alipoiandika karatasi. Tofauti ya majibu haya mawili kwa masikio ya mpiga simu inaweza kuwa sentensi moja tu. Kwa moyo unaoziba, ni tofauti ya kufika au kutofika.

Dawa za kujaziwa tena ziko hivyo hivyo. MA anaweza kupiga simu duka la dawa ili mgonjwa ajaziwe dawa ile ile, kipimo kile kile, kama daktari ameliandika hilo kwenye faili la mgonjwa huyo. Ikiwa dawa ni mpya, au miligramu zimebadilika hata kidogo, simu hiyo si yake.

Ukivuka mpaka wa jimbo

Yote niliyoyaeleza juu ni ya California. Hakuna sheria moja ya Marekani nzima kuhusu MA, na watu huumia kwa kudhani ipo.

Washington ilichukua njia tofauti: tangu Julai 2013 jimbo lenyewe linawapa MA vibali na kuwagawa katika aina mbalimbali, wapo waliothibitishwa, waliosajiliwa, wa kutoa damu tu, na wa mashine za kusafisha figo. Kila aina ina orodha yake. Kibali cha aliyesajiliwa kimefungwa kwa mwajiri aliyemwidhinisha. Ukiacha kazi hapo, kibali hakikufuati kliniki ya pili. New York kwa miaka mingi ilisimama upande mwingine kabisa, ikimhesabu MA kuwa mtu asiye na leseni asiyepaswa kumpa mgonjwa dawa kwa njia yoyote, sindano zikiwemo. Connecticut nayo iliwakataza chanjo hadi ilipobadilisha sheria mwaka 2022 na kuwaruhusu wale wenye vyeti na mafunzo maalumu.

Kwa hiyo mtu mmoja, mwenye mikono ileile, anaweza kuchanja watoto Oakland, California, mwezi huu, na mwezi ujao akakatazwa kazi hiyo hiyo baada ya kuhamia kwa mjomba wake upande wa mashariki. Asiulize wenzake waliotangulia kazini, maana wengi wao waliambiwa na waliowatangulia. Aisome tovuti ya idara ya afya ya jimbo lake. Na akumbuke kwamba kliniki inaweza kuweka mipaka myembamba kuliko ya sheria, lakini haiwezi kuipanua.

Unapoitwa kutafsiri lugha

MA anayejua Kiswahili ana mtego ambao wenzake hawana. Akija mgonjwa kutoka Uvira au Bujumbura, kila mtu anamgeukia yeye: njoo utafsiri. Na yeye anafurahi, kwani nani asingefurahi kumsaidia mtu wa kwao?

Kanuni za shirikisho chini ya kifungu cha 1557 cha sheria ya bima ya afya zinadai mkalimani awe mtu mwenye sifa. Kujua lugha nyumbani hakutoshi. Anatakiwa ajue istilahi za tiba katika lugha zote mbili, atafsiri bila kuongeza wala kupunguza, na atunze siri. Mfanyakazi wa kliniki anaweza kuifanya kazi hiyo kama ana sifa hizo na kama imewekwa rasmi katika majukumu yake. Mtoto mdogo wa mgonjwa asitumiwe, isipokuwa katika dharura.

Hatari yenyewe iko hapa. Daktari anasema sentensi moja, mgonjwa hajaelewa, na wewe unaijua mada. Unaanza kumfafanulia. Dakika moja baadaye unamshauri, na daktari amekaa pembeni akidhani unatafsiri. Mgonjwa anakuita dokta, anatikisa kichwa, anaondoka na ushauri wako. Humo ndani ya lugha ambayo hakuna mwingine anayeisikia, mpaka umevukwa na hakuna aliyeuona. Mkalimani mzuri hugeuka kwa daktari na kusema: hajaelewa, naomba umweleze tena kwa njia nyingine. Kiswahili cha Kivu na cha Dar es Salaam pia vinaachana mahali pengi, hasa kwenye majina ya maumivu, na mwenye kiburi cha lugha anaweza kupeleka dalili isiyokuwepo.

Akikuamuru mkubwa

Sisi wengi tumelelewa kwamba mkubwa hakataliwi. Daktari akisema "wewe weka dripu, umewahi kuweka mara mia kwenu," ni vigumu kufungua mdomo, hasa kama ni kweli umeweka mara mia. Lakini California inahesabu kufanya tiba bila leseni kuwa kosa la jinai, na adhabu yake inaweza kufika faini ya dola 10,000 au kifungo cha hadi miaka mitatu, au vyote viwili. Kwa ambaye hajapata uraia, hatia ya jinai inaweza kugusa hata karatasi zake za uhamiaji. Daktari aliyekuamuru naye anahatarisha leseni yake, kwa kuwa kumsaidia asiye na leseni kutibu ni kosa la kitaaluma. Amri yake haikugeuzi kuwa nesi.

Kukataa kunaweza kuwa na adabu zote. "Daktari, hilo sheria hainiruhusu. Nikuitie nesi, au nikuandalie vifaa uweke mwenyewe?" Sentensi ya pili ni muhimu, kwa sababu mgonjwa bado yuko kitandani na anahitaji dripu yake. Kisha andika kilichotokea, tarehe na saa, na ukiona kinajirudia, mpelekee meneja kwa maandishi. Kliniki ambayo inakujibu kwa vitisho baada ya hapo ni kliniki ya kuondoka.

Kwa tabibu wetu aliyevaa beji ya MA, kuna eneo moja ambako uzoefu wake unaruhusiwa wote, nalo ni kuona na kutoa taarifa. Hakuna sheria inayomkataza kuingia ofisini kwa daktari na kusema: "Mtoto wa chumba cha tatu anapumua mara 60 kwa dakika, mbavu zinaingia ndani, na mama anasema hajanyonya tangu jana usiku. Naomba umwone kabla ya wengine." Hakutaja nimonia. Ametoa namba na alichokiona, akaomba mwenye mamlaka aje. MA asiye na miaka ile kumi nyuma yake angeweza kuandika joto la mwili na kupita.

Anayetaka mamlaka yake irudi ana njia ndefu. Aliyekuwa nesi nyumbani anaweza kuomba masomo yake yatathminiwe na afanye mtihani wa NCLEX, ule wa leseni ya unesi. Daktari ana mitihani ya leseni ya udaktari iitwayo USMLE na mafunzo ya ukaazi hospitalini. Tabibu ndiye mwenye njia ngumu kuliko wote, maana kada yake haina pa kulinganishwa moja kwa moja. Akitaka kuwa PA lazima asome upya chuo kilichoidhinishwa Marekani, na wengi huona afadhali kupitia unesi. Wakati akiendelea na kazi, atunze nakala zake mwenyewe za mafunzo: saa ngapi, sindano ngapi za kila njia, nani aliyesaini. Mwajiri anatakiwa kuweka nyaraka hizo kazini, lakini kliniki huuzwa na kufungwa, na mwajiri anayefuata ataziomba kwake.